Dada Alikopa Kikoba kwa Ajili ya Leseni, Mdogo Wake Akanunua "Maziwa" ya Tairi

Simu iliita saa nne asubuhi, dada akiwa katikati ya kukanda unga wa chapati. Kondakta wa Kosta alikuwa hewani: "Dada, mzigo wako umefika, boksi la dawa ya tairi, njoo uchukue gari linaondoka." Dada akamwambia amekosea namba. Kondakta akasoma jina lililoandikwa juu ya boksi. Lilikuwa jina la mdogo wake wa damu, yule yule ambaye wiki tatu nyuma alimwombea laki moja na themanini kwenye kikoba, akisema anataka leseni ya pikipiki.

Kwa wale msiopajua Saza: ni kata ya wilaya ya Songwe, mkoa wa Songwe, ule uliomegwa kutoka Mbeya mwaka 2016. Ni nchi ya dhahabu. Enzi za Mwingereza palikuwa na mgodi mkubwa, na mpaka leo watu wanachimba maduara, karasha zinasaga mawe usiku na mchana, Fuso zinapita na mizigo ya mawe na kuacha vumbi mpaka kwenye sufuria. Dada anapika pale pale kwenye karasha. Chapati, maharage, wali, siku ikiwa nzuri samaki wa Rukwa. Mdogo wake anapakua mawe kwenye Fuso na kuyasogeza kwenye karasha. Ana miaka 23, mwembamba, mapafu kama ya farasi.

Na ana baiskeli. Hapo ndipo kisanga kilipo.

Ni baiskeli ya mlima, mtumba, ringi inchi 26, aliinunua Tunduma na kuipandisha juu ya basi kuja nayo. Kila mwaka siku ya Nane Nane kuna bosi mmoja wa karasha anaandaa mbio. Hazina jina la maana, watu wanasema tu "mbio za bosi". Mizunguko minne, kilomita 40 na ushee, kwenye njia za malori na vinjia vya ng'ombe. Wa kwanza laki nne, wa pili laki mbili na nusu, wa tatu laki na nusu. Kuanzia wa nne mpaka wa kumi, fulana na elfu ishirini.

Mwaka wa nyuma yake jamaa aliongoza mizunguko miwili na nusu. Kisha tairi la nyuma likalala. Mbigili.

Kama umekulia mjini huenda humjui huyu mdudu, ingawa si mdudu. Mbigili ni kimmea kinachotambaa chini, kina vijiua vya njano vizuri tu, ukikiona unaweza kukipiga picha. Mbegu yake ikikauka inakuwa na miiba iliyokaa kwa namna ambayo hata ukiirusha vipi, mwiba mmoja lazima utazame juu. Kiangazi vinjia vyote vya ng'ombe vimejaa mbegu hizo. Jamaa alibadilisha tyubu, akapanda, mita mia tano mbele ikalala tena. Alimaliza mbio akiwa anakokota baiskeli, na watoto wanamkimbilia nyuma wakimuimbia.

Tangu siku ile akawa mtu wa simu. Usiku, bando la chuo, video za baiskeli mpaka saa nane. Alikuwa ameweka kwenye kioo cha simu picha ya Sule Kangangi, yule Mkenya nahodha wa Team Amani aliyefariki Agosti 2022 akiwa mbioni huko Vermont, Marekani. Aliangalia mbio za vumbi za Maasai Mara, zile zilizoanza 2021, watu wanakata siku nne kwenye mawe na miiba kuliko ya Saza. Swali lake lilikuwa moja tu: hawa wanapitaje kwenye miiba?

Jibu: hawana tyubu.

Siyo uchawi. Hata IST unayopanda kwenda kazini haina tyubu, magari yaliachana nazo zamani. Dunlop alileta tairi la upepo la baiskeli mwaka 1888, na zaidi ya miaka mia baiskeli ikabaki na mtindo ule ule wa mpira ndani ya mpira. Ni mwaka 1999 Mavic, Hutchinson na Michelin, wote Wafaransa, walipoleta mfumo wa baiskeli ya mlima isiyo na tyubu. Tairi linabana ringi lenyewe, matundu ya spoku yanazibwa kwa mkanda, valvu inakazwa moja kwa moja kwenye ringi, halafu ndani unamimina dawa nyeupe. Dawa hiyo kwa kawaida ni utomvu wa mpira uliochanganywa na amonia ili usigande. Mwiba ukiingia, upepo unasukuma dawa kwenye tundu, dawa inaganda pale pale, unaendelea na safari yako kama hukuguswa. Faida ya pili: unaweza kukimbia na upepo mdogo. Kwenye tyubu, ukipunguza upepo halafu ukagonga jiwe, ringi inaing'ata tyubu na kuacha matundu mawili kama meno ya nyoka. Bila tyubu hakuna cha kung'atwa, na tairi laini linashika mchanga vizuri zaidi.

Ukimsikiliza akieleza haya, unaona kabisa alikuwa sahihi. Ila usahihi huwa hauuzwi dukani Mkwajuni. Dawa ilibidi itoke Dar, kwa muuzaji wa Instagram: elfu sabini chupa ya nusu lita. Valvu mbili elfu arobaini na tano. Mkanda elfu ishirini. Tairi jipya la nyuma elfu thelathini na tano, la zamani lilikuwa limekwisha. Usafiri elfu kumi. Piga hesabu mwenyewe, inakuja laki moja na themanini kamili. Na ukweli usemwe, hapa jamaa alizingua. Angemwambia dada ukweli labda angepata, labda asingepata. Alichagua kumwambia leseni.

Dada alilipokea boksi, akarudi nalo karasha, akalifungua kwa kisu cha kukatia nyanya. Akanusa ile chupa. Inanuka kama choo cha stendi, amonia ile. Mdogo wake alipokuja kula mchana akamkuta ameipanga mezani, chupa, valvu, mkanda, tairi, kila kitu kwa mstari, kama polisi wanapoonyesha vielelezo.

"Hii ndiyo leseni?"

Kimya.

"Nakuuliza wewe. Hii ndiyo leseni?"

"Dada, nikishinda ni laki nne. Narudisha yote na riba, na inabaki."

"Na usiposhinda?"

Hakuwa na jibu la hilo. Dada hakupiga kelele, na waliokuwepo wanasema ndiyo maana wote waliacha kula. Alimwambia tu kwamba wanawake wawili wamemdhamini, kwamba siku ya kurejesha ni Jumamosi baada ya Nane Nane, laki moja na tisini na nane pamoja na riba, na kwamba siku hiyo watakaotazamwa usoni ni yeye na wadhamini wake, siyo bingwa wa baiskeli. Kisha akamwekea wali wake. Kuanzia hapo hakumsemesha tena.

Baba yao ni fundi baiskeli. Yuko chini ya mkwaju ule ule tangu miaka ya tisini, ana beseni la maji, msasa, solusheni na viraka. Nusu ya tyubu za Saza zina alama ya mkono wake. Kijana alipomwambia anataka kukimbia bila tyubu, mzee alicheka mpaka akavua miwani.

"Sasa upepo utakaa wapi, mfukoni mwako?"

Unaweza kusema ni ubishi wa wazee, lakini mfikirie mtu ambaye maisha yake yote amelisha watoto kwa kuziba tyubu, halafu mtoto wake anakuja kumwambia tyubu haina kazi. Hakumkataza. Alirudi kwenye beseni lake tu.

Kijana akafanya peke yake. Alibandika mkanda kwenye ringi bila kuisafisha vizuri, na mkanda wenyewe ulikuwa mwembamba kuliko ringi, haukufika kingo zote mbili. Akavalisha tairi, akamimina dawa, akabeba gurudumu mpaka kwa jamaa anayejaza tairi za Fuso, maana pampu ya mkono haiwezi kazi hii. Tairi lisilo na tyubu linataka upepo mwingi kwa mpigo mmoja, ili kingo zake ziruke na kukamata ringi. Kompresa ikaunguruma. Upepo ukaingia, ukatoka kwenye matundu ya spoku, ukatoka pembeni, na dawa nayo ikatoka. Suruali nyeupe, viatu vyeupe, mbwa mmoja aliyekuwa amelala pale akaamka mweupe. Wakajaribu tena. Vile vile. Nusu chupa ya elfu sabini ikaishia kwenye vumbi la Saza, na zilikuwa zimebaki siku tano.

Alirudi jioni akaketi pembeni ya mkwaju bila kusema. Mzee akamaliza kiraka alichokuwa nacho mkononi, akamlipisha mteja, kisha akasema, "Lete hilo gurudumu."

Akalizungusha. Akapitisha kidole ndani ya ringi. Akauliza kazi ya mkanda ni nini. Kijana akaeleza: kuziba matundu ya spoku, upepo usipite. "Ah," mzee akasema. "Sasa hilo si tumefanya miaka yote?" Na kweli, fundi yeyote wa huku anajua kukata ukanda wa tyubu kuukuu na kuuzungusha ndani ya ringi ili spoku zisitoboe. Akaenda kwenye gunia la tyubu zilizokufa.

Hapa ndipo penye utamu. Alichagua mbili za baiskeli ya mtoto, inchi 20, na akaangalia kila moja pancha ziko upande gani. Mbigili hutoboa upande wa nje, ule unaotazama barabara. Upande wa tumboni, unaolalia ringi, tyubu iliyokufa mara nyingi ni nzima kabisa. Akaipasua kwa wembe katikati ya upande wa nje, duara zima, pale pale kwenye pancha zake. Ikafunguka kama mkanda mpana, na valvu yake bado ipo katikati. Akaivuta ikavaa ringi ya 26, imekaza kama ngozi ya ngoma kwa sababu ni ndogo, imefunika matundu yote na kuning'inia nje pande zote mbili. Tairi likavalishwa juu yake. Tairi linabana mpira, mpira unabana ringi, upepo hauna pa kutokea.

Kumbe watu wa baiskeli za mlima duniani wanaijua mbinu hii muda mrefu, kijana alishaiona kwenye video moja akaipita akidhani ni ya watu wasio na hela. Zile valvu za elfu arobaini na tano hazikutumika kabisa. Bado ziko kwenye karatasi yake mpaka leo.

Walipaka kingo maji ya sabuni, wakatoa kile kidude cha ndani ya valvu ili upepo upite kwa wingi, wakarudi kwa jamaa wa Fuso. Safari hii mzee mwenyewe alishika mpira wa kompresa, kidogo kidogo, maana ukizidisha tairi linaweza kuruka kwenye ringi likakutoa jicho. Pah! Kisha pah nyingine. Kingo zimekaa. Wakamimina dawa iliyobaki kupitia valvu, nusu mbele nusu nyuma, wakarudisha kidude na kujaza tena. Wakazungusha, wakatikisa, wakalaza gurudumu juu ya ndoo upande huu na upande ule. Dawa ilitokeza vitone vyeupe kwenye mashavu ya tairi usiku kucha, kwa sababu tairi la kawaida lina vinyweleo. Asubuhi vilikuwa vimekauka. Mzee akakata mpira uliozidi kwa wembe, ukabaki mstari mwembamba mweusi. Ukitazama haraka hujui kama kuna kilichofanyika.

Asubuhi ya Nane Nane mzee alibonyeza tairi la nyuma kwa dole gumba. "Ongeza."

"Baba, huu ndio wenyewe. Ukijaza sana linarukaruka."

"Ringi hii haikutengenezwa kwa mambo haya. Ongeza."

Kijana alisema sawa. Hakuongeza. Video ilisema upepo mdogo, na video haikuwa imeiona ringi ya Tunduma.

Dada alikuwepo, anauza chapati pale mwanzo wa mbio. Mdogo wake alipopita kupasha misuli, alikuwa anahesabu chenji.

Mzunguko wa kwanza walikuwa kundi la watu kumi na wawili. Wa pili wakabaki sita, wengine walikuwa pembeni wamegeuza baiskeli miguu juu. Wa tatu jamaa aliachia. Waliomwona wanasema alikuwa anapita kwenye vinjia vya ng'ombe kama mtu asiyejua mbigili ni nini, anachagua njia fupi wakati wenzake wanazunguka. Alipopita mwanzo wa mzunguko wa nne alikuwa mbele kwa karibu dakika moja na nusu. Dada alisimama. Mwiko mkononi, akasimama tu.

Kuna korongo lina mchanga, unateremka kwa kasi kisha unakata kona ya kushoto kabla ya kupanda. Mizunguko mitatu aliikata vizuri. Ya nne aliingia na kasi ya mtu anayeziona laki nne. Baiskeli ikalala, tairi la nyuma likapinda, ukingo ukaachia ringi kwa kufumba na kufumbua. Pfff. Halikutoboka. Lilipumua tu pembeni, likatema dawa, likakaa tena likiwa na upepo nusu. Ndiyo hasara ya upepo mdogo kwenye ringi isiyo yake, na mzee aliisema asubuhi kwa dole gumba.

Alikuwa na pampu ndogo aliyoifunga kwenye fremu kwa mpira. Alipampu. Wa kwanza akapita. Akapampu. Wa pili, wa tatu. Dakika tatu hivi, na ukiwa unapampu dakika tatu ni sawa na kikao cha kijiji. Akapanda, akakimbiza mpaka mate yakawa ya damu, akamaliza wa nne. Sekunde chache nyuma ya laki na nusu.

Aliyeshinda ni kijana mmoja wa Kisukuma, mfugaji, mkimya. Watu walipofungua tairi lake wakacheka: ndani alikuwa ameweka tairi jingine kuukuu, amelikata kingo, ndipo tyubu. Mbigili haiwezi kufika. Baiskeli inakuwa nzito kama imebeba debe la mahindi, lakini ana miguu ya kuisukuma. Hakupata pancha hata moja.

Mzee alilaza baiskeli ya mwanawe kivulini na kuanza kung'oa mbigili kwa koleo, anahesabu kwa sauti. Mbele 19. Nyuma 23. Kila anapong'oa kinatokea kitone cheupe, kinazunguka, kinakauka. Wateja wake wa tyubu walikuwa wamemzunguka wanaangalia. Hakusema kitu kuhusu upepo. Labda angesema ingekuwa nafuu.

Jioni kijana alimpelekea dada elfu ishirini na fulana. Dada alichukua elfu ishirini, fulana akaiacha juu ya benchi.

Jumamosi kikoba kilirejeshewa laki moja na tisini na nane zote. Hela ilitoka wapi, dada hajamwambia mtu, ila kuanzia wiki ile alikuwa anapika kwenye jiko moja badala ya mawili, na simu yake kubwa haikuonekana tena. Wadhamini wake wanasema aliingia kikaoni amejifunga kitenge kipya, akalipa, akakaa mpaka mwisho, akacheka na wenzake.

Wiki mbili baadaye yule mfugaji alikuja chini ya mkwaju na baiskeli yake. Alisimama pembeni kwanza, kama ilivyo desturi yake. Kisha akamwambia kijana, "Zile laini zako. Nifungie." Dawa alikuwa ameagiza mwenyewe. Mzee akasogeza beseni kuwapisha, akatoa lile gunia, akaanza kuchagua tyubu huku anauliza kila mmoja pancha yake iko upande gani. Kazi iliisha saa kumi. Kijana alibonyeza tairi kwa dole gumba, akaongeza upepo, akabonyeza tena. Ufundi: elfu kumi na tano.

Alitembea nayo moja kwa moja mpaka karasha. Dada alikuwa anaosha sahani. Alikausha mikono kwenye kanga, akaipokea, akaihesabu noti kwa noti ingawa zilikuwa mbili tu, akaiweka kwenye mfuko wa aproni.

"Bado laki moja na sitini na tatu," alisema. Lilikuwa neno lake la kwanza kwake tangu siku ya boksi. Kisha akamuuliza kama amekula.